Nje ya Kundi Jipya

Mume alifika Kasenga asubuhi na begi dogo, amevaa shati la kwendea misa, akaulizia nyumba ya shangazi ya mkewe kana kwamba alikuwa amealikwa. Hakuzunguka sana. Aliwauliza wanawake waliokuwa wakipokea samaki ufukweni, nao wakamwonyesha bila kusita, kwa sababu alikwisha kujua karibu kila kitu: kwamba nyumba ni ya pili kutoka majini, kwamba bati lake limepakwa rangi nyekundu, kwamba mkewe yumo ndani.

Maneno hayo yote yalikuwa yangu. Niliyaandika kwenye simu jioni ile mwanamke alipofika, katika kundi la ujumbe la ofisi yetu: “Amefika salama. Nyumba ya pili toka majini, bati jekundu. Tumshukuru Mungu.” Nikaongeza na ile alama ya mikono iliyokunjwa kwa sala.

Tulikuwa wanawake watano. Kituo chetu cha kusikiliza kilikuwa Katuba, mtaa wa Lubumbashi, katika vyumba viwili nyuma ya karakana ya mtu anayechomelea vitanda na milango ya chuma. Kelele zake zilitufaa. Aliyekuja kwetu kulia alilia bila kusikiwa barabarani. Walikuja wanawake waliopigwa, waliofukuzwa, wajane walionyang'anywa nyumba na wakwe. Tuliwasikiliza, tukawasindikiza hospitali au mahakamani, na mara chache, hatari ilipozidi, tuliwatafutia mahali pa kujificha. Mimi ndiye niliyekuwa mkuu. Wenzangu waliniita mama koordo, kipande cha neno la Kifaransa ambalo hakuna aliyekuwa na nafasi ya kulimaliza.

Mwanamke huyu alikuwa mshonaji. Alipokuja kwetu mara ya kwanza aligeuza kichwa kila tulipomsemesha, tukadhani ni aibu, mpaka tulipoelewa kwamba sikio la kushoto halisikii tena. Mumewe alikuwa dereva wa malori ya madini, mtu mpole mbele za watu, mwenye sauti nzito ya kupendeza. Aliimba katika kwaya ya parokia yetu. Mume wangu naye aliimba humo, na wakati ule sikuliona hilo kuwa jambo la kufikiria.

Shangazi ya mshonaji, anayekausha samaki kwa moshi na kuwauza, hakuwa mtu wa kutishika. Alimpa mgeni kiti, akaagiza apikiwe, akasema mkewe ameenda mtoni kufua. Wakati huohuo mkewe alikuwa ametokea mlango wa nyuma, ameinama ndani ya mtumbwi wa jirani, anavushwa mto Luapula kwenda upande wa Zambia na nguo alizovaa tu. Mume alikula, akangoja, akaelewa. Alivunja vioo vya dirisha, akapindua vyungu, akarudi zake Lubumbashi.

Mshonaji alinipigia kutoka namba ya kule ng'ambo.

“Mama, alijua fasi niko,” alisema. Kwetu fasi ni mahali. “Hata rangi ya bati alijua. Nani alimwambia?”

Nilimjibu kwamba nitachunguza. Nilisema kwa sauti ya ukali, sauti ya mtu ambaye kosa haliwezi kuwa upande wake.

Nikachunguza. Nilimtazama mdogo wetu, msichana aliyekuwa na mchumba mpya, nikajiuliza mchumba huyo anatoka familia gani. Nilimtazama mhasibu wetu, mjane wa rika langu, na huyo ndiye niliyemshika. Watu wake na watu wa yule dereva walitoka sehemu moja huko kaskazini. Wazee wao walishuka pamoja zamani kuja kufanya kazi ya reli, kama baba yangu mwenyewe alivyoshuka. Nilimwita pembeni, nikafunga mlango.

“Yaya,” nikamwambia, maana ndivyo tulivyoitana, kama dada, “kwenu na kwao ni jirani. Ulimi haukuteleza?”

Alishika kitasa cha mlango.

“Miye? Niko na siri za bantu hapa tangu tulianza hii kazi. Hata bwana yangu alikufa bila kujua moja. Uniulize tena, nitatoka na sitarudia.”

Kwetu bantu ni watu tu. Sikumuuliza tena. Lakini sikumwomba radhi, na kwa majuma kadhaa nilimsalimia kwa ubaridi, na wengine walipoona hivyo nao wakaanza kumsalimia kwa ubaridi.

Mimi ndiye niliyependekeza tubadilishe njia ya kusemezana. Nilisema kundi la simu halitoshi kwa kazi kama yetu, kwamba tunahitaji programu salama. Mmoja wetu alikuwa na mpwa wa kike anayefundisha informatike, mambo ya kompyuta, katika chuo cha ufundi, akakubali kuja kutushauri. Masista wanaotufahamu walituazima chumba kwao, mtaa wa Karavia, kwa kuwa kwetu umeme ulikuwa hauaminiki. Ilikuwa miezi ya baridi. Tulikaa na makoti, vitenge juu ya magoti, mwalimu amesimama mbele ya ukuta mweupe na mashine ya kurushia picha.

“Munatafuta nini?” alianza.

“Ile haiwezi kuingiliwa,” alisema mdogo wetu.

“Hiyo haiko. Iko ile ya kuingia kwa nguvu, na iko ile ya kuingia bure.”

Alituwekea njia tatu. Ya kwanza ni kubaki na programu tuliyokuwa nayo, ambayo kila mtu mjini anayo, na kuitumia kwa uangalifu zaidi. Ya pili ilifanana nayo, ila ujumbe ungejifuta wenyewe baada ya muda tutakaoupanga. Ya tatu ilikuwa kama nyumba nzima: ujumbe, majalada ya wanawake, kalenda, mikutano ya video, vyote mahali pamoja, na mmoja wetu angeshika funguo. Huyo angeweza kumwingiza mtu, kumtoa, hata kufuta kilichomo kwenye simu iliyoibwa akiwa mbali nayo.

Wenzangu walichangamka. Mkubwa wetu kwa umri, ambaye hakupenda kuandika, alitaka kujua kama hiyo ya tatu inabeba sauti. Mdogo wetu aliogopa itakula mega zote za intaneti kabla ya katikati ya mwezi. Yule mwenye mpwa aliuliza kuhusu mahakama: ujumbe ukijifuta, ushahidi tutautoa wapi? Mwalimu akajibu kwamba ushahidi haupaswi kulala ndani ya simu ya mtu. Unapaswa kukaa katika jalada moja ambalo watu wawili tu wanaweza kulifungua. Niliyafurahia maswali hayo. Nilijiona mkuu wa watu wenye akili.

Kisha mwalimu akasema, “Mbele ya kuchagua, tuangalie simu zenyewe. Kule ku nyumba, nani anafungulaka simu yako?”

Tukajibu mmoja mmoja. Mdogo wetu alisema wadogo zake wanaichukua kutazama katuni. Mkubwa wetu alisema mjukuu ndiye anayemsomea ujumbe, kwa sababu ya macho, na hapo wote tukacheka halafu tukaacha kucheka. Mhasibu alisema, “Hakuna. Niko peke yangu.”

Ilipofika zamu yangu nilisema, “Bwana yangu iko na code. Lakini eye hana shida. Shiye hatufichanaka.”

Nilisema kwa majivuno, na hilo ndilo linalonichoma hadi leo. Wanawake waliokaa mbele yangu Katuba niliwaambia simu yako ni yako, mlango wako, hakuna mwenye haki ya kuingia bila hodi. Lakini yangu niliitoa mwenyewe, nikaiita uaminifu. Katika ukoo wetu mimi ndiye niliyetolewa mfano kwa maharusi: tazameni wale, hata simu wanashiriki.

Mwalimu alitaka simu moja ya kutuonyeshea. Nikampa yangu kabla hajamaliza kuomba, kwa kuwa ndivyo mkuu anavyofanya. Aliiunganisha na mashine, kioo changu kikatokea ukutani, kikubwa kama mlango. Akafungua programu yetu, akaingia kwenye mipangilio, akatueleza kwamba kuna ukurasa unaoonyesha vyombo vingine vinavyosoma ujumbe uleule. “Mara mingi haina kintu,” alisema, akabonyeza.

Palikuwa na kitu. Kompyuta moja. Ilikuwa imeunganishwa tangu mwaka uliotangulia, na ilitumika mara ya mwisho asubuhi ileile.

“Mama, hii kompyuta ni yako?”

“Miye sina kompyuta,” nilisema. Neno lilinitoka kabla sijajua maana yake.

Mume wangu anafanya kazi katika ofisi ya kutoa mizigo forodhani. Ana meza, na juu ya meza ana kompyuta. Wenzangu wote walijua. Alikuwa akituchapishia barua zetu mashine yetu ilipokosa wino. Nilisikia joto linapanda shingoni mpaka kwenye masikio, na baridi ya chumba kile ikawa kama haipo.

Mkubwa wetu alianza, “Na bwana yako anaimbaka mu kwaya pamoja na...”

Mwalimu aliona kwamba ameharibu jambo, akatafuta haraka namna ya kuzima picha, na kwa haraka hiyo waya ukamshinda. Kioo changu kikabaki ukutani. Ndipo ujumbe ukaingia, tukausoma wote: “Unarudia saa ngapi? Ninunue mukate?”

Ulikuwa ujumbe mzuri, wa mume anayemjali mkewe. Ningependelea matusi.

Mhasibu hakunitazama. Alikuwa akiangalia dirishani. Ningeomba anitazame, hata kwa chuki, lakini hakunipa hata hilo. Alikuwa na haki ya kusimama na kusema mbele ya wote: ni mimi uliyenifungia mlango. Hakusema. Alimsaidia mwalimu kuchomoa waya, akakaa.

Mwalimu aliiondoa ile kompyuta kwenye simu yangu, akanirudishia simu kwa mikono miwili kama mtu anayerudisha kitu kilichovunjika. Mkutano ukaendelea, maana kazi ilikuwa palepale. Tulichagua ile ya tatu. Mwalimu akauliza nani atashika funguo. Kwa mazoea vichwa vyote vilinigeukia, halafu vikageuka tena upande mwingine, taratibu, ili nisione.

“Mhasibu ashike,” nilisema.

“Nitashika,” alisema mhasibu. “Lakini, mama koordo, weye bado. Ungoje kwanza.”

“Ni vizuri,” nilijibu kwa sauti ya mikutano.

Wakaanza kujiunga. Mwalimu alipita kwa kila mmoja, akamsaidia kuchagua neno la siri, kisha wakajaribu kutumiana salamu. Simu zikawa zinalia kwa zamu, mlio mpya ambao sikuufahamu, nao wakicheka kidogo kila ujumbe ulipofika. Yangu ilikuwa mapajani, kimya. Nikatoka kwenda jikoni kwa masista kuomba chai ambayo hakuna aliyeiagiza.

Nyumbani mkate ulikuwa mezani. Sikuvua koti.

“Uliunganisha simu yangu na kompyuta yako ya kazi?”

Hakukana. “Njo vile. Ile mwaka jana. Ulikuwa unaoga.”

“Juu ya nini?”

“Si weye mwenyewe ulinipa code? Bwana na bibi ni mwili moja. Kazi yako ni ya hatari, nilitaka kujua kama uko muzima.”

“Na ulimwambia yule dereva fasi bibi yake iko?”

Alivuta kiti, akakaa. “Alilia, mama. Mwanaume muzima, mbele ya kanisa, tukitoka mazoezi ya kwaya. Alisema bibi alikimbia na mwanaume mwingine. Miye nilijua haiko vile. Nilimwambia asiwaze mubaya, bibi yake iko kwa shangazi, Kasenga, nyumba ya pili toka majini, bati jekundu. Nilifikiri ninaokoa ndoa ya bantu.”

“Alimpasua sikio.”

“Hayo hakuniambia.”

“Miye niliyaandika. Mu kundi. Ulisoma kwamba iko Kasenga, na hukusoma sikio?”

Akachukua kisu, akaanza kukata mkate. Alikata vipande vingi kuliko tuliohitaji watu wawili. Nilimtafutia usoni dalili yoyote ya haya nikaikosa, na nikaelewa kwamba haya ya nyumba nzima nitaibeba peke yangu. Alikuwa amesoma kila kitu: sikio, mimba iliyotoka, watoto waliojificha chini ya kitanda. Alisoma asubuhi kwa asubuhi pamoja na karatasi za forodha, kisha akaenda kuimba karibu na yule mtu.

Nilibadilisha neno la siri mbele yake. Hakupiga kelele. Aliwaita kaka zangu.

Walikuja siku ya Jumapili baada ya misa, wote watatu na makoti yao. Kaka yangu mkubwa, mstaafu wa reli, alianza kwa kusifu ndoa yetu, akafika penyewe. “Dada, bwana yako anasema umefunga simu. Sasa uko unaficha nini?”

Katika umri wangu, mbele ya wanaume waliopokea mahari yangu, nilikuwa naulizwa kama nina hawara. Wake zao walikuwa jikoni wakigeuza bukari, ugali wetu, na sauti ya mwiko ilikuwa imesimama ili wasikie.

“Niko naficha mambo ya banamuke bengine,” nilisema. “Yangu yote anayajua.”

Kisha nikawaeleza kisa chote, kwa sababu vinginevyo wangeondoka na lile wazo la hawara. Nilimwona mume wangu akitazama viatu vyake nilipofika kwenye vioo vilivyovunjwa. Kaka yangu alishusha pumzi. Hakumkemea shemeji yake. Kwetu mkwe hakemewi kirahisi. Alisema tu kwamba simu ya kazi ikae kazini, na ya nyumbani ikae nyumbani, na kwamba chakula kinapoa. Hukumu ikawa hiyo. Tukala.

Kwa mhasibu nilienda kesho yake. Nilimkuta anafagia mbele ya ofisi, vumbi la mchomeleaji limetanda hadi kwenye mlango wetu.

“Yaya, nilikuwazia mubaya bure. Unisamehe.”

Aliegemea fagio. “Nilikuwa ninangoja ile neno.” Akafikiri. “Nimekusamehe. Lakini kundi si yangu peke yangu. Bado utangoja.”

Nikamwambia nimeelewa, nikachukua fagio la pili.

Lilibaki la mshonaji. Sikuwa na njia ya kumpata, kwa kuwa alikuwa amebadilisha namba tena, na namba mpya ilikuwa ndani ya ile programu, ile nyumba ambayo sikuwa na ufunguo wake. Ilibidi nimwombe mhasibu anipigie kwa simu yake, naye alipiga, akaiweka mezani kati yetu, sauti wazi. Nilikuwa nimepanga maneno mengi. Niliposikia “Allo, mama?” yote yakanipotea.

“Ni bwana yangu,” nilisema. “Alikuwa anasoma simu yangu. Njo eye alimwambia.”

Upande wa pili palikuwa na sauti za kuku na mtu akitwanga. Nilingoja anilaani. Nilikuwa nimejiandaa kulaaniwa, ingenipunguzia.

“Weye pia, mama?” alisema.

Hakuwa na hasira. Alisema vile sisi tunavyosema Katuba mwanamke anapofungua kitenge na kutuonyesha mgongo. Mhasibu alinyoosha mkono akaushika wangu, nami nikashindwa kuendelea, na ni mshonaji aliyetufariji, akituambia kwamba amepata cherehani ya kuazima, kwamba wateja wa kule wanapenda mishono ya Lubumbashi, kwamba hana mpango wa kurudi.

Waliniingiza kwenye kundi baada ya mvua za kwanza. Nilipewa simu ya ofisi, ambayo hailali nyumbani. Mtu wa mwisho kutoka huifungia kwenye kabati. Nilipoifungua nilikuta wameacha mazungumzo yao ya tangu mwanzo, nikasoma. Walikuwa wamenisema. “Mama koordo amekonda.” “Tusimuulize kitu, atasema mwenyewe.” “Leo nimemwachia mahindi mezani, asijue ni nani.” Nilikumbuka mahindi yale. Niliyala nikidhani yameletwa na mteja. Nilizima simu, nikakaa pale kwenye kiti mpaka mchomeleaji alipofunga karakana yake.

Mume wangu bado anaimba kwaya. Yule dereva alihama parokia, haikusemwa kwa nini. Siku hizi mume wangu haniulizi habari za kazi. Ananiuliza kama nimechoka, nami nasema nimechoka, na jibu hilo ni la kweli.

Vituo vingine vya mjini vimesikia kwamba tuna mpango mzuri wa kusemezana, wananiita niende kuwashauri. Nawaeleza kuhusu funguo, kuhusu majalada na watu wawili, kuhusu simu iliyoibwa. Wanaandika. Kisha inafika nafasi ya kuwauliza nani anafungua simu zao nyumbani, na kuwaambia kwa nini nauliza. Kuna siku nasema yote. Kuna siku naona mbele yangu mama wa makamo, amekaa wima kama nilivyokaa mimi siku ile, amependeza, pete kidoleni, nashindwa, nasema tu muda umekwisha. Wananipigia makofi, na narudi nyumbani kichwa chini.